Toa Simu Ingali Nzima

Taka nyingi za kielektroniki huanzia kwenye droo ya nyumbani. Mtu ananunua simu mpya, ya zamani anaiweka pembeni ingali inapiga na kupokea, eti iko siku itafaa. Siku hiyo haifiki. Betri iliyokaa muda mrefu bila chaji huharibika, nyingine huvimba mpaka zikasukuma kioo. Chaja inapotea, programu zinaikataa. Simu ambayo ingemfaa mwanafunzi wa chuo inaishia kwa fundi wa Kariakoo, naye anachomoa spea mbili tatu na kutupa mabaki.

Maofisini ni mbaya zaidi. Kompyuta zinarundikwa stoo kusubiri kibali cha kuziondoa, na kibali kikija thamani yake imekwisha. Tangu Microsoft isitishe huduma kwa Windows 10, mfumo unaoendesha kompyuta nyingi, Oktoba 2025, mashine nyingi nzima zinahesabiwa mbovu. Fundi akitoa diski ya zamani inayozunguka, akaweka SSD, yaani diski ya kisasa isiyozunguka na yenye kasi, akaongeza RAM, kumbukumbu ambayo kompyuta hufanyia kazi, na kupakia Linux Mint, mfumo wa kuendesha kompyuta ambao ni wa bure, kompyuta hiyo inaweza kutumika shuleni miaka kadhaa. Inaniuma kuona mashine ya namna hiyo ikiuzwa kwa kilo.

Ripoti ya Umoja wa Mataifa inasema mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizi, na ni asilimia 22.3 tu iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Sehemu ya iliyobaki ndiyo ile tunayoiona kwa vijana wanaochoma nyaya wapate shaba ya kuuza kwenye vyuma chakavu. Plastiki ya waya ikiungua hutoa moshi wa sumu, na wanaouvuta ni wao na watoto wa jirani.

Lakini kutoa msaada kusiwe njia ya kuhamisha taka. Shule ya kijijini ikipelekewa kompyuta ishirini, kumi haziwaki, imebebeshwa jalala, tena haina gari la kulirudisha mjini. Tangu Januari 2025, Mkataba wa Basel, ule wa kimataifa unaodhibiti usafirishaji wa taka hatari, unataka taka zote za kielektroniki zisivuke mpaka kabla nchi inayozipokea haijaridhia. Heshima hiyo tunayoidai kwa Ulaya, shule zetu nazo zinaistahili kutoka kwetu.

Kwa hiyo iwashe kwanza, uijaribu, uitoe pamoja na chaja yake. Kama ni simu, hamisha picha zako, toa laini na kadi ya kumbukumbu, jiondoe kwenye akaunti ya Google au iCloud, ndipo ufute kila kitu. Ukiruka hatua ya akaunti, simu inaweza kumdai mpokeaji nywila yako, na hapo hata iwe nzima namna gani hataweza kuitumia.