Iiteni teknolojia chipukizi

Wiki iliyopita nilikaa kwenye warsha moja hapa Dodoma, tangu chai ya saa nne mpaka chakula cha mchana, na kila slaidi ilikuwa na "teknolojia zinazoibukia", tafsiri ya Kiingereza "emerging technologies". Akili mnemba inaibukia, droni zinaibukia, vifaa vya kupima unyevu wa udongo vinaibukia. Hata kutuma pesa kwa simu kuliwekwa humo, wakati M-Pesa ipo nchini tangu 2008 na bibi yangu kule Mpunguzi anapokea hela ya matumizi kwa njia hiyo.

Aliyekaa kiti cha jirani yangu alikuwa mzee anayelima zabibu Hombolo. Alipoona kile kifaa cha udongo akauliza: "Mwanangu, hiki kimeshajaribiwa kwenye udongo wetu, au ndiyo mnakuja kukijaribia kwangu?" Mtoa mada akajibu kuwa ni teknolojia inayoibukia, kisha akaendelea na slaidi nyingine. Mzee akafunga daftari. Iliniuma sana.

Swali lake limo ndani ya maana ya neno lenyewe. Mwaka 2015 watafiti Daniele Rotolo, Diana Hicks na Ben Martin waliipa teknolojia ya aina hii sifa tano: ni mpya kwelikweli, inakua haraka, imeshaanza kujengeka kuwa kitu kinachotambulika, inaweza kubadili mambo makubwa, na bado hakuna mwenye hakika itaishia wapi. Warsha zetu zinazipenda nne za kwanza. Ya tano, inayogusa mfuko wa mkulima, haitajwi.

Ndiyo maana, badala ya "inayoibukia", nalitetea neno chipukizi. Kiboko akiibuka majini ni kiboko mzima. Timu ikiibuka na ushindi, mechi imekwisha. Kuibuka kunasikika kama jambo lililokamilika. Chipukizi ni habari nyingine, na mtu wa Dodoma haelezwi. Mvua ya Desemba inaotesha mtama, Januari jua linakaa wiki tatu, unaamka unakuta shamba limenyauka. Mwambie mkulima wa hapa kitu ni chipukizi, atajua kina uhai, kinataka kuangaliwa, na kinaweza kufa. Atajua pia kwamba hakopi benki kwa kutegemea chipukizi.

Kongwa si mbali. Mwaka 1947 Waingereza walianza kufyeka pori pale walime karanga kwa mashine, matrekta mengine yakiwa yameundwa kutokana na vifaru vya vita. Kiangazi udongo ukakauka ukawa mgumu, mvua ikawa haba, na mwaka 1951 mpango ukafutwa, mamilioni ya pauni yameshateketea. Mashine zile zilipewa eneo zima kabla ya kuthibitika kwenye udongo ule.

Haya, chipukizi limezoeleka kwa wasanii, na kwenye waraka wa wizara huenda likaonekana jepesi. Andikeni mnavyotaka huko. Ila mkisimama mbele ya mkulima, semeni neno linalompa haki ya kusita.

Wakati wa kuondoka yule mzee alinikuta kwenye kivuli cha mwarobaini, akaniomba nimtafutie namba ya mtoa mada. Anakitaka kifaa.

"Mistari miwili tu ya zabibu, mwanangu. Nikiona kinasema kweli, naongeza."