Farasi 48 mezani: vikosi vinne au vinane?

Anayeunda jeshi la sanamu ndogo, kwa mchezo wa mezani wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uingereza, vile vya 1642 hadi 1646 kati ya mfalme na Bunge, hukwama mapema kwenye wapanda farasi. Askari wa miguu hawasumbui sana: mikuki mirefu katikati, bunduki pembeni, basi. Farasi ni ghali, huchukua muda mrefu kupakwa rangi, na katika mapigano makubwa ya vita vile ndio walioamua nani alale na ushindi. Tuseme mtu ana sanamu 48 za wapanda farasi, za kimo cha milimita 28 hivi. Azigawe katika vikosi vinne vya farasi 12, au vinane vya farasi sita?

Wanaopenda vikosi vikubwa wana hoja nzito. Farasi 12, sita mbele na sita nyuma, hutanda sentimita 15 hivi, na jicho huona shambulio la goti kwa goti, jinsi askari wa zama zile walivyofundishwa kwenda. Farasi sita hufanana na doria iliyopotea njia. Kikosi kikubwa huvumilia kete mbaya moja au mbili, ilhali kidogo huweza kufutika kabla hakijafanya lolote. Na mchezo huenda haraka. Kwa mtu mwenye jioni moja tu ya kucheza baada ya kazi, hilo si jambo dogo.

Historia, hata hivyo, inavutia upande wa vikosi vidogo, vinavyomwezesha mtu kubakiza akiba nyuma. Katika pigano la Edgehill, 23 Oktoba 1642, farasi wa Mfalme Charles I waliongozwa na Prince Rupert, mtoto wa dada yake, kijana wa miaka 22. Aliwapanga watu wake kina cha watatu na kuwaagiza wasifyatue bastola mpaka wawe wamekwisha kuingia ndani ya adui. Wapanda farasi wa Bunge waliwasubiri wamesimama, wakapiga risasi zao, wakasombwa. Balaa likaanzia kwenye ushindi huohuo. Watu wa Rupert waliwakimbiza wakimbizi hadi kijiji cha Kineton, wakavamia mizigo, na huku nyuma Sir William Balfour, aliyebaki na farasi wachache wa Bunge, akawaangukia askari wa miguu wa mfalme waliokuwa hawana kinga. Sir Edmund Verney, mshika bendera ya mfalme, aliuawa na bendera ikatekwa kwa muda.

Marston Moor, 2 Julai 1644, somo lilikuwa lilelile: wanaobaki pamoja ndio wanaofaidi. Oliver Cromwell wa upande wa Bunge, akisaidiwa na farasi wa Kiskoti wa David Leslie, aliuvunja mrengo uliomkabili baada ya pambano gumu. Kwenye mrengo wa pili George Goring, wa upande wa mfalme, alimshinda Sir Thomas Fairfax wa Bunge, kisha wengi wa watu wake wakatawanyika kufuata mizigo. Fairfax alichomoa alama nyeupe kofiani mwake, akapita katikati ya maadui bila kutambuliwa. (Wapaka rangi wazingatie hapo: hapakuwa na sare iliyotofautisha wapanda farasi wa pande mbili, bali mishipi ya kitambaa na alama kama hiyo.) Cromwell alikuwa amewazuia watu wake wasitawanyike. Akazunguka nao uwanja, akampiga Goring.

Lakini wapenzi wa vikosi vikubwa nao watendewe haki. Pale Edgehill mfalme alikuwa na safu ya pili, ya akiba, kila mrengo, chini ya Sir John Byron kulia na Lord Digby kushoto. Walipoona wenzao wanashinda, nao walitimua mbio kuwafuata. Kwa hiyo kugawa farasi 48 mara nane hakuleti nidhamu ya Cromwell. Kanuni za mchezo ndizo zinazopaswa kumlazimisha mchezaji kurusha kete kila kikosi kinaposhinda, ijulikane kama kitatulia au kitatokomea nje ya meza. Pasipo kanuni hiyo, safu ya pili ni pambo, na mimi nisingembishia mtu akichagua vikosi vinne. Ikiwepo, safu ya pili ndiyo mchezo wenyewe, na vikosi vinne havitoshi kuipanga vizuri kila mrengo.

Mimi nachagua vinane, kwa sababu ambayo mashabiki wa vikubwa huisahau. Rejimenti ya farasi ya Jeshi la Mtindo Mpya, lililoundwa na Bunge 1645, ilikusudiwa kuwa na watu 600 katika makundi sita ya watu 100, na kila kundi lilikuwa na bendera yake. Basi paka farasi 12 kama rejimenti moja, wabandike kwenye vibao viwili vya farasi sita, kila kibao na bendera tofauti. Kanuni zikitaka kikosi kikubwa, vibao viunganishwe. Zikitaka vidogo, vitenganishwe, cha pili kirudi nyuma. Bendera mbili katika rejimenti moja si kosa.

Ukubwa wa sanamu nao una wanaoutetea. Kwa milimita 6 mtu hupanga rejimenti nzima na safu zake zote kwenye meza ya kulia chakula, na kwa gharama ndogo. Anachokosa ni nyuso, makoti mazito ya ngozi na chapeo zenye vyuma vitatu mbele ya uso, na kwa wengi wetu hivyo ndivyo vilivyotuleta kwenye zama hizi.

Kuhusu deraya kamili, vazi la chuma la kichwa hadi magotini, jibu ni fupi. Sanamu zake zinavutia kupita zote, lakini kikosi kinachofahamika kwa mavazi hayo ni cha Sir Arthur Haselrig wa Bunge, watu 500 hivi, kilichovunjwa katika pigano la Roundway Down tarehe 13 Julai 1643. Deraya ilimwokoa Haselrig mwenyewe: risasi za bastola alizopigwa kwa karibu hazikupenya. Kama jeshi lako ni la Sir William Waller, jemadari wa Bunge, la mwaka ule, weka kibao kimoja au viwili. Kama ni la 1645, fedha hiyo inunue farasi wa kawaida.

Jemadari naye apewe kibao chake peke yake. Katika pigano la Naseby, 14 Juni 1645, Rupert alishambulia pamoja na mrengo wake wa kulia, akaushinda, akafika hadi kwenye msafara wa mizigo, na wakati huo hakuwepo kuamrisha akiba ya mfalme. Cromwell alituma sehemu tu ya farasi wake kukimbiza, waliobaki akawageuzia askari wa miguu. Mchezaji anayetaka kumpeleka jemadari wake mbele ili kikosi kipate nguvu ya ziada aruhusiwe, lakini asiweze kutoa amri kwa safu ya pili mpaka atakaporudi.