Kolembola Mpige Nyuma Kwanza, Uso Baadaye

Picha nyingi za kolembola, vijidudu vya miguu sita vinavyoruka kama viroboto, zinazopigwa Uingereza msimu wa baridi zinapendeza, ila kumtambua mnyama mwenyewe kwa picha hizo huwezi. Mpigaji kalenga uso: macho meusi yanang'aa, vipapasio vimesimama, tumbo limepotelea kwenye ukungu. Na jina lake liko huko huko tumboni.

Chukua jenasi ya Dicyrtomina, wale wa mviringo wenye rangi ya manjano na kahawia, urefu milimita 2 hadi 3, wanaotembea juu ya majani yaliyolowa na mbao za uzio. Ukiwatazama usoni, spishi zake mbili, ornata na saundersi, hutazitenganisha. Zunguka nyuma. Ornata ana baka moja zito la rangi iliyokolea karibu na ncha ya tumbo. Baka la saundersi limekatwa kwa mistari ya kukingama, kama vidato vya ngazi. Minuta, spishi nyingine, hana baka hilo. Wachanga rangi zao hazijakaa sawa, kwa hiyo andika Dicyrtomina uishie hapo. Jina la nusu lililo sahihi lina faida kuliko jina kamili la kubahatisha.

Lenzi ya makro ya 1:1, yaani inayomchora mnyama kwa ukubwa wake halisi, peke yake haitoshi, kwa sababu mnyama wa milimita 2 atachukua milimita 2 tu za sensa ya kamera (sehemu inayonasa picha) yenye upana wa milimita 36. Ongeza pete za kurefusha lenzi mpaka ufike 2:1, mara mbili ya ukubwa wake. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanabana tundu la lenzi hadi f/16 (namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo) ili sehemu kubwa zaidi ya mnyama ionekane kali. Kwa ukuzaji huo f/16 inafanya kazi kama f/48, mwanga unatawanyika na vinyweleo vyote vinafutika. Baki f/5.6 au f/8. Kwa f/8 sehemu iliyo kali ina kina cha takriban milimita 0.4, basi piga picha 8 hadi 15 huku ukisogea mbele kidogo kidogo, uziunganishe baadaye kwa programu. Akitembea katikati ya mfululizo utapata vipapasio sita badala ya viwili. Msubiri ale au ajisafishe.

Fleshi iwe 1/16 ya nguvu yake yote au chini, na mbele yake plastiki nyeupe pana, karibu na mnyama kadiri inavyowezekana. Mwili wake unang'aa kama ushanga. Fleshi isiyolainishwa huacha doa jeupe, na mara nyingi doa hilo huangukia juu ya lile baka unalolitafuta.

Pumua pembeni. Pumzi ikimfikia, anafyatua mkia wa kurukia aliokunja chini ya tumbo na hutamwona tena.

Ushauri wa kumtia kwenye friji ili atulie siukubali hata kidogo. Nyuzi 4 ndiyo hali yake ya kila siku, ataendelea kutembea, na wewe utakuwa umemtoa kwenye jani lake bure. Mwenye kuhitaji kulindwa na mabadiliko ya joto ni kamera: ifunge ndani ya mfuko wa plastiki ukiwa bado nje, uifungue ikishapata joto la chumba, la sivyo unyevu utajikusanya kwenye kioo cha lenzi.