Mikaratusi ya Pwani Isipimwe kwa Hali ya Hewa ya Njombe

Kila mvua zinapokaribia, Mtwara na Lindi ubishi ni uleule: tupande mikaratusi au tuiache? Wanaohimiza wana hoja nzito. Mti hukua upesi, ukikatwa huchipua, nguzo na kuni zina soko, na kule Njombe na Mufindi, nyanda za juu zenye baridi, watu wamejenga na kusomesha watoto kwa mbao. Ndiyo maana mkulima wa Tandahimba aliyeng'oa miche yake huambiwa hana subira.

Naona anaonewa. Lishike jani la mche wake: mshipa wa katikati na kikonyo vimejaa vinundu, vingine vya kijani, vingine vimeiva vyekundu, na ncha ya mche imejikunja na kudumaa. Hiyo ni kazi ya nyigu mwenye urefu wa milimita moja na kidogo, Leptocybe invasa, mwenye asili ya Australia, aliyeonekana Mashariki ya Kati mwaka 2000 na Tanzania mwaka 2005. Jike huzaa bila dume, kwa hiyo miche michache yenye mayai ikishushwa kwenye lori inatosha kuanzisha kizazi kijijini.

Jambo linalosahauliwa ni joto. Maabara nchini Israel, katika joto la kawaida la chumba, mdudu huyu alichukua wastani wa siku 132 kutoka yai hadi kupevuka. Baridi humchelewesha. Pwani hakuna baridi ya kumpunguza kasi, vizazi vinafuatana mwaka mzima, na tafiti za hapa nchini zimekuta mashambulizi makali zaidi nyanda za chini zenye joto kuliko milimani. Halafu kuna hili linaloumiza zaidi: aina za mikaratusi ziitwazo camaldulensis na tereticornis, zile zinazovumilia jua na ukame wetu, ndizo anazozipenda mno. Aina ya grandis husumbuliwa kidogo na mdudu huyu, lakini inataka mvua na ubaridi wa nyanda za juu. Mkulima wetu amebanwa pande zote mbili, na ushauri anaopewa umetoka kwa mtu ambaye hajabanwa popote.

Wengine husema apulizie dawa. Kiluwiluwi amekaa ndani ya kinundu, dawa ya juu haimfikii vizuri. Na mkulima huyuhuyu tayari ananunua salfa kwa ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, na dawa ya mdudu aitwaye mbu wa mikorosho. Mfuko ni mmoja.

Ni kweli mti ukishakomaa huumia kidogo kuliko mche, na Afrika Kusini waliachia nyigu mwingine aliye adui wa Leptocybe, Selitrichodes neseri, mwaka 2012. Mkaratusi wenye harufu ya ndimu, citriodora, huonekana kustahimili mashambulizi ya Leptocybe. Basi vitalu viuze miche kwa jina la aina yake, ikaguliwe kabla haijapakiwa, na citriodora ijaribiwe Nachingwea na Newala kwenye vipande vidogo kwanza. Kabla ya hapo, aliyeacha eneo lake kwa mikorosho amepiga hesabu sahihi.