Mmetuonya, sasa tukimbilie wapi?

Tarehe 25 Aprili 2019 ilikuwa Alhamisi, na Mtwara ilikuwa imetulia kupita kawaida. Kimbunga Kenneth kilikuwa baharini kikija. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imeshatangaza, redio zimerudia, shule zimefungwa, wakaao mabondeni wametakiwa kuhama. Jirani yetu, bibi aliyepita miaka sabini, alikuwa amekaa barazani, mbuzi wake watatu wamefungwa kwenye mwembe.

“Shikamoo bibi. Twende tuondoke.”

“Marahaba mjukuu wangu. Haya, niende wapi? Na hawa mbuzi nimwachie nani?”

Sikuwa na jibu. Tulikuwa tumeambiwa “sehemu salama”, yeye na mimi, lakini hakuna aliyetutajia jengo, wala njia ya kufika, wala mtu wa kutupokea. Bahati ikawa yetu. Kenneth kilipita kusini ya Ruvuma, kikaingia Cabo Delgado, jimbo la kaskazini ya Msumbiji, sisi tukabaki na mawingu na mvua. Wenzetu wa Ibo na Macomia walipoteza nyumba, minazi na mashua, na zaidi ya watu 40 walikufa Msumbiji. Nikisema wenzetu sitii chumvi. Ng’ambo zote mbili za Ruvuma wako Wamakonde, na Kimwani cha pwani ile ni ndugu wa Kiswahili chetu. Bibi mwenyewe alikuwa na mdogo wake Palma, akakaa siku kadhaa bila kujua kama yu hai.

Tangu siku ile, kila nikisoma habari za kimbunga popote katika Bahari ya Hindi, natafuta jibu la swali lake. Nimekuja kuamini kwamba swali hilo ndilo linaloamua nani atabaki hai, kuliko kasi ya upepo.

Tazama kimbunga Idai, wiki sita kabla ya Kenneth. Kilipiga Beira, mji wa bandari wa Msumbiji, usiku wa kuamkia Machi 15. Wengi wetu tukisikia kimbunga tunawaza bati linalopeperuka, na Beira mabati yalipeperuka kweli, lakini vijiji vilimezwa na maji. Mvua iliyonyesha bara, hadi milima ya Zimbabwe, iliteremka kwa mito Pungwe na Búzi siku zilizofuata, wakati upepo umeshalala na watu wakidhani yamekwisha. Wakapanda mitini na juu ya mapaa, wakakaa humo mchana na usiku wakingoja boti au helikopta. Chimanimani, upande wa Zimbabwe, mawe makubwa yaliporomoka na matope usiku, watu wamelala. Kwa nchi tatu, Msumbiji, Zimbabwe na Malawi, waliokufa walipita 1,000. Na mahindi yalikuwa yamebakiza wiki chache tu yavunwe. Msumbiji peke yake, zaidi ya hekta 700,000 za mazao ziliharibika, kwa watu ambao ghala lao ni shamba hilo hilo.

Kipindupindu kilizuka Beira kabla mwezi haujaisha. Hapa nataka kutoa sifa panapostahili: chanjo ya kunywa ililetwa haraka, ikawafikia zaidi ya watu 800,000, na katika wagonjwa zaidi ya 6,000 walikufa 8. Malawi hawakupata nafuu hiyo. Mapema mwaka 2022 dhoruba Ana ilibomoa sehemu ya bwawa la umeme la Kapichira kwenye mto Shire, miezi michache baadaye nchi ikawa na kipindupindu ambacho mwishowe kiliua zaidi ya watu 1,700, na ugonjwa ukiwa bado upo, Machi 2023 kikaja kimbunga Freddy. Hicho kilizaliwa karibu na Australia, kikaivuka bahari nzima, kikaipiga Msumbiji mara mbili na kudumu zaidi ya wiki tano. Huko Malawi, vilima vya mji wa Blantyre vililainika na kuwaangukia watu waliojenga kwenye miteremko ya Chilobwe kwa sababu ndiko walikomudu kiwanja. Waliokufa na wasioonekana tena, jumla yao ilizidi 1,000. Kwa nini watu wanajenga mabondeni na miteremkoni? Huwa naudhika kusikia swali hilo likiulizwa kama lawama. Anayeishi pale anaijua hatari kuliko anayemuuliza.

Lakini kisa kinachoniuma kuliko vyote ni cha Mayotte, Maore kama wenyewe wanavyoiita, kisiwa cha Komoro kilicho chini ya Ufaransa. Kimbunga Chido kilipopiga tarehe 14 Desemba 2024, onyo lilikuwa limetolewa na majengo ya kukimbilia yalikuwa yamefunguliwa. Kwa karatasi, kila kitu kilikuwa tayari. Ila karibu nusu ya wakazi wa kisiwa kile ni raia wa kigeni, wengi wametoka visiwa jirani vya Komoro, na wengi hawana vibali. Wanaishi kwenye mabanda ya mabati vilimani, wamezoea kuwakimbia polisi. Waliposikia “njooni shuleni”, wako walioamini ni mtego wa kuwakamata na kuwarudisha kwao. Wakabaki mabandani. Asubuhi, vilima vizima vilikuwa vimekwanguliwa vikabaki udongo mtupu. Hesabu rasmi ya waliokufa haikuzidi sana 40, lakini wengine walizikwa upesi kama dini inavyoelekeza, bila kupita hospitali wala ofisi yoyote. Mtu uliyemwinda mwaka mzima hawezi kukuamini kwa siku moja, hata kama siku hiyo unamwambia kweli.

Walioweza kulijibu swali la bibi ni Bangladesh, nao walijifunza kwa gharama ya kutisha. Novemba 1970 kimbunga Bhola kiliua watu wasiopungua 300,000. Baada ya hapo serikali na Hilali Nyekundu walianzisha jeshi la watu wa kujitolea wa vijijini, ambao leo wamepita 70,000, nusu yao wanawake. Wanapandisha bendera, moja, mbili au tatu kwa kadiri ya hatari, wanapita nyumba kwa nyumba na vipaza sauti. Hata hivyo mwaka 1991, katika kimbunga kingine, walikufa tena kama 138,000, na wanawake walikufa wengi kuliko wanaume. Sababu mojawapo ni kwamba wengi waliona haya kwenda kubanana na wanaume wageni katika jumba moja lisilo na chumba chao wala choo chao. Wengine hawakutaka kuacha ng’ombe. Kwa hiyo majengo yaliyofuata yaliwekewa vyumba vya wanawake, na kando yake vikainuliwa vichuguu vya udongo vya kupandishia mifugo. Siku za kawaida jengo ni shule. Mwaka 2020 kimbunga Amphan kilipokuja, watu zaidi ya milioni mbili walihamishwa, na waliokufa Bangladesh hawakufika 50.

Niliposoma habari ya vichuguu vile vya ng’ombe niliwakumbuka mbuzi watatu chini ya mwembe.

Sisi bado tuna watu wanaosema pwani yetu haina vimbunga, tuko karibu mno na ikweta. Mwaka 1872 kimbunga kiliing’oa mikarafuu ya Unguja, ndipo Pemba ikawa kisiwa cha karafuu. Mwaka 1952 kingine kiliipiga Lindi. Na tarehe 4 Mei 2024 Hidaya kilifika Mafia, baada ya masika yaliyokwisha kuua zaidi ya watu 150 nchini. Barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara ilikatika Somanga, na mabasi na malori yakakwama siku kadhaa. Kwa ajili ya mvua tu, kusini nzima ikawa kisiwa.

Watabiri wetu wamefanya kazi yao. Angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa: maneno haya siku hizi hata wavuvi wa Mikindani wanayatofautisha. Kinachokosekana ni kile kipande cha mwisho, kutoka kwenye redio hadi barazani kwa bibi. Mwenyekiti wa kijiji, BMU, yaani kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufukwe, na imamu mwenye kipaza sauti cha msikiti wakae pamoja kabla ya Novemba, msimu wa vimbunga unapoanza, watamke kwa jina jengo litakalotumika, nani atambeba mgonjwa, nani atapita kwa wajane, wanyama watafungwa wapi. Sikubali jibu kwamba hakuna fedha. Madarasa yanajengwa kila mwaka. Yainuliwe kidogo, paa moja katika kila kata liwe la zege, choo cha wanawake kiwe cha wanawake.

Desemba iliyopita nilitembea kutoka baraza ya bibi hadi shule ya karibu iliyo mwinukoni. Mimi ilinichukua dakika 40, jua kali, mikono mitupu. Nilipofika nilihesabu mabati manne yaliyokwisha achia misumari.