Msiniuzie SSD kama RAM ya bei nafuu

Hifadhidata ninayoitunza kazini husoma na kuandika rekodi ndogo ndogo mchana na usiku. Nyingi hazifiki baiti 100. Ila kila nikiihitaji moja iliyolala kwenye SSD, diski isiyozunguka inayohifadhi data kwenye chipu za flashi, mfumo endeshi huweka ombi kwenye foleni, huigongea diski kengele, kisha husubiri bloku nzima ya baiti 4,096 inakiliwe hadi kwenye RAM, kumbukumbu ya kazi ya prosesa. Ni kama kutumwa dukani ukanunue kiberiti, ukarudi na katoni. Sina ugomvi na NVMe, itifaki inayofanya kazi hiyo. Ilipotoka mwaka 2011 iliziokoa SSD kutoka kwenye njia zilizobuniwa kwa ajili ya diski zinazozunguka. Lakini hata yenyewe bado inaamini kwamba hifadhi ni ghala, na ghalani hutoki na punje.

Kwa hiyo CXL, kiwango cha kuunganisha prosesa na vifaa vyenye kumbukumbu, ilipotangazwa Machi 2019, Intel ikiwa na kampuni kama Google, Microsoft na Alibaba, niliifuatilia kwa hamu kubwa. Inapita kwenye nyaya zilezile za PCIe, njia inayounganisha prosesa na vifaa kama SSD, ila inaongeza lugha mbili juu ya ile ya kawaida. Ya kwanza inairuhusu prosesa kusoma kumbukumbu iliyo ndani ya kifaa kwa amri ileile inayosomea RAM, baiti 64 kwa mara moja, bila foleni wala kengele. Ya pili inakiruhusu kifaa kuweka nakala ya kumbukumbu ya seva katika kashe yake, yaani akiba yake ndogo ya karibu, na nakala hizo zote zikabaki zinasema kitu kimoja.

Hilo la kusema kitu kimoja ndilo lenye uzito. Chukua duka linaloendeshwa na mume na mke, kila mmoja ana daftari lake la madeni. Mteja akimlipa mume, daftari la mke tayari linasema uongo, na asipoambiwa atamdai mtu ambaye ameshalipa. Prosesa zenye viini vingi, yaani sehemu kadhaa zinazofanya kazi kwa pamoja, zimeishi na tatizo hili miaka mingi, na zina utaratibu wa kupashana habari: ukurasa huu nimeubadilisha, futa wako. CXL inaiingiza diski katika utaratibu huo. Toleo la 3.0, la Agosti 2022, limekiwezesha hata kifaa chenyewe kuiambia seva itupe nakala iliyopitwa na wakati. Kwa SSD yenye prosesa ya kuchambua data palepale ilipo, huo ni ukombozi.

Wasiwasi wangu ni jinsi jambo hili linavyouzwa. Nasikia sana kwamba sasa terabaiti za flashi zitakuwa kumbukumbu, RAM ya bei nafuu isiyokwisha. Hapo nasimama.

Flashi ni flashi hata ukiifundisha lugha gani. RAM inajibu ndani ya takriban nanosekunde 100. Flashi inachukua makumi ya maikrosekunde, yaani makumi ya maelfu ya nanosekunde. Prosesa yenye mapigo bilioni 3 kwa sekunde ikisubiri maikrosekunde 50, mapigo 150,000 yamepita bure. Kwenye NVMe, mfumo endeshi angalau hujua kwamba kuna kusubiri, ukakikabidhi kiini kwa programu nyingine yenye kazi. Amri ya kawaida ya kusoma kumbukumbu haina adabu hiyo: kiini kinakwama katikati ya amri, na programu haijui hata kwamba imekwama.

Watengenezaji wanalijua hilo, ndiyo maana wanaweka DRAM, chipu zilezile za RAM, mbele ya flashi. Samsung ilionyesha SSD ya namna hiyo mwaka 2022. Data ikikutwa kwenye DRAM hiyo, mambo ni mazuri. Isipokutwa, unarudi kwenye yale mapigo 150,000. Wastani utapendeza kwenye matangazo, ila mteja wangu anayengoja ukurasa ufunguke haishi kwenye wastani. Na anayetaka kumbukumbu kubwa ya kugawana kati ya seva, CXL inampa pia: aweke DRAM halisi upande wa pili wa waya. Watafiti wa Microsoft walikuta kwamba kwenye Azure, huduma yao ya kukodisha seva, hadi asilimia 25 ya DRAM huweza kukaa bure kwa kuwa viini vya seva husika vimeshakodishwa vyote. Hilo ni tatizo la kugawana RAM, na dawa yake ni RAM.

Mahali ninapoitaka SSD yenye CXL, tena kwa moyo wote, ni kwenye logi ya miamala.

Kila muamala ukithibitishwa, hifadhidata huandika rekodi fupi kwenye logi na haimjibu mteja mpaka rekodi hiyo iwe salama. Leo rekodi ya baiti 100 inabeba bloku nzima na safari nzima ya kupitia mfumo endeshi. SSD nyingi za vituo vya data tayari zina kapasita, vihifadhi vidogo vya umeme, za kuipa DRAM yao muda wa kujimwaga kwenye flashi umeme ukikatika. Ukiifungua DRAM hiyo kwa CXL, rekodi inaandikwa kwa amri mbili tatu, mteja anajibiwa, na flashi inakuja kuandikiwa baadaye kwa mafungu makubwa kama inavyopenda. Mwendo wa pole wa flashi unatoka kabisa kwenye njia ya mteja.

Optane, kumbukumbu ya Intel isiyosahau umeme ukikatika, ilishafungua mlango huu. Intel na Micron waliitangaza teknolojia yake mwaka 2015, vipande vya kuchomeka kwenye nafasi za RAM vikatoka 2019, Micron ikajitoa 2021, na Julai 2022 Intel ikaamua kuifunga. Ilinisikitisha. Kwa maoni yangu, kilichoiangusha zaidi ni kwamba vipande vile vilifanya kazi na prosesa za Intel tu. Nani ataandika upya hifadhidata yake kwa ajili ya mlango wenye ufunguo mmoja? CXL haina kasoro hiyo. Hata waliokuwa wapinzani wake, Gen-Z na OpenCAPI, walikubali kuikabidhi kazi yao.

Optane ilituachia pia somo moja la uchungu: amri ya kuandika ikimalizika, data inaweza kuwa bado iko kwenye kashe ya prosesa, na umeme ukikatika imekwenda. Lazima uisukume hadi kwenye kifaa. CXL 2.0 imeweka utaratibu wa kusukuma vyote kwa pamoja umeme unapozimika, lakini utaratibu ulioandikwa kwenye karatasi bado unahitaji ubao mama, ugavi wa umeme na diski vinavyoutii vyote vitatu. Nitakapopata SSD ya kwanza ya aina hii mezani, sitaanza na kasi. Nitathibitisha miamala elfu moja, nitachomoa waya wa umeme katikati ya kazi, nitauwasha mtambo, kisha nitaihesabu mmoja mmoja.