Maua ya kahawa ya Kilimanjaro: yavunwe kwa manukato au yaachwe mtini?

Mvua ikishagusa shamba baada ya kiangazi, siku nane au kumi baadaye vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachaga, vya Machame na Marangu huwa vyeupe. Maua ya mibuni hunukia karibu kama asmini, na hudumu siku mbili tatu tu. Kwa hiyo wazo la kuyatia kwenye chupa lina mvuto wake: ua adimu, jina la Kilimanjaro, mnunuzi wa manukato ya asili anayesaka harufu isiyojaa sokoni. Wazo naliafiki nusu. Hesabu yake ndiyo inayonitia shaka.

Asmini, ambayo wenye viwanda wameizoea, hutaka kilo 700 hadi 1,000 za maua ili kupata kilo moja ya kiini cha harufu, na kilo moja ya maua ni kama vichwa 8,000. Waridi likikenekwa, kilo moja ya mafuta hula petali kilo 3,500 na zaidi. Lakini hayo ni mashamba yaliyopandwa kwa ajili ya harufu, Misri, India au Bulgaria. Mbuni ulipandwa kwa ajili ya tunda, na ua likichumwa vibaya tunda halipo.

Watetezi wana jibu zuri hapa. Arabika hujichavusha yenyewe, na mara nyingi ua linapokuwa wazi kazi hiyo imeshaanza au imekwisha. Basi petali zikisubiriwa zianguke, mkulima hapotezi kitu. Sawa, ila petali iliyoanguka imeshanyauka na harufu nyingi imeshapotea. Anayetaka harufu ya alfajiri lazima achume alfajiri, ua likiwa bichi, na mkono wa haraka hauchagui petali na kuacha kilicho chini yake. (Kibarua anayelipwa kwa kilo, umwambie achume taratibu?)

Namna ya kutoa kiini nayo ina mipaka. Mvuke huunguza harufu za maua laini. Heksani, kiyeyusho kitokanacho na petroli, hufanya kazi vizuri, na hata kiini cha pareto hutolewa kwa viyeyusho vya aina hiyo, lakini hushika moto upesi mno. Ni kazi ya kiwanda. Kwa karakana ndogo ya Moshi kinachobaki ni kuloweka maua kwenye spiriti ya asilimia 95, kuyachuja na kutia mengine, mara nyingi. Pombe kali ya dukani haifai, maji yake ni mengi.

Wanaoshikilia usafi wa asili husema afadhali matone machache ya kweli kuliko chupa nzima ya kuigiza. Hapo siwafuati. Yungiyungi la bondeni, ua linalopendwa sana Ufaransa, halitoi kiini cha maana, na watengenezaji wamekuwa wakiliiga kwa ustadi mkubwa bila aibu. Hata kwa kubaki na mimea tu, harufu ya ua la kahawa inaweza kujengwa kwa asmini na langilangi la Pemba, maua halisi ya kahawa yakatiwa kidogo, na lebo ikasema hivyo. Neno “asili” pia halimlindi mtu ngozi: asmini yenyewe imewekewa kiwango katika kanuni za kimataifa za manukato kwa sababu ya mzio.

Kinachonitisha zaidi ni msandali. Soko lilipoutaka, watu waling'oa mpaka mizizi, kwani huko ndiko mafuta yaliko, na mwaka 2013 msandali wa Afrika Mashariki uliingizwa kwenye orodha ya CITES, mkataba unaodhibiti biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama walio hatarini. Mbuni hautafikia huko, una mwenyewe. Lakini mwenyewe huyo ndiye asiyeulizwa bei. Kilo ya maua mabichi inapaswa kumlipa zaidi ya kahawa ambayo maua hayo yangezaa, kwa bei ya mnada wa Moshi msimu huo, na makubaliano yafanyike kabla ya mvua.